Saa ya "1963" inapogoma: dalili, chanzo na tiba

Kati ya saa mpya zinazoundwa kwa sura ya zamani, kronografu (saa yenye kipima muda) ya "1963" ya Tianjin, China, ndiyo inayowaingiza watu wengi kwenye ukusanyaji, na ndiyo inayowatia mashaka wiki ya kwanza tu. Mshale unaruka, haurudi palepale ulipoanzia, asubuhi saa imelala. Mwenye saa anaanza kudai fedha zake. Mengi ya hayo si ubovu. Ni tabia za mashine ya kizamani iliyoundwa upya bila kubadilishwa sana, na asiyezijua hupeleka saa nzima kwa fundi, ikarudi na kasoro ambayo haikuwa nayo.

Mwaka 1961 kiwanda cha saa cha Tianjin kilinunua kutoka Uswisi mitambo ya kutengenezea mashine ya Venus 175, muundo wa miaka ya 1940. Kazi hiyo ilipewa jina la Mradi 304, na lengo lake lilikuwa kuwapatia marubani wa jeshi la anga la China saa yenye kipima muda. Mashine ya leo, ST19, ni kizazi cha ileile. Inatiwa ufunguo kwa mkono (ufunguo ni kile kidude cha ubavuni unachozungusha) na inapiga mara 21,600 kwa saa. Kiduara cha sekunde kiko upande wa 9, kiduara cha dakika 30 kiko upande wa 3, na mshale mwembamba mrefu wa katikati hulala kwenye 12 mpaka uuamshe. (Namba tunazozitaja ni za uso wa saa. Mtu akimwambia fundi "kwenye sita" kwa hesabu ya Kiswahili, fundi ataangalia chini.)

Jambo la kushika mapema ni kwamba ndani ya kesi moja mna mashine mbili. Ya kwanza inaonyesha saa na haipumziki. Ya pili, kronografu, imepandishwa mgongoni mwake, na kila ukibonyeza kitufe cha juu inakopa nguvu kwa ile ya kwanza. Dalili yoyote utakayoiona, swali la kwanza ni: iko upande gani?

Kipimo cha siku mbili

Kabla ya bisibisi yoyote, simamisha kronografu na urudishe mshale wa katikati kwenye 12. Tia ufunguo taratibu hadi mwisho, mizunguko 30 hadi 40, na usimame ugumu unapokuja. Ilaze saa uso juu, andika tofauti yake na saa ya simu, kisha iache saa 24 na uandike tena. Siku ya pili fanya vilevile, lakini kronografu ikiwa inatembea.

Siku ya kwanza ikiwa nzuri na ya pili ikiwa mbaya, tatizo liko kwenye kronografu, na mtu asiguse balansi (gurudumu linalobembea na kupima mwendo wa saa) wala kirekebishaji cha mwendo. Siku zote mbili zikiwa mbaya kwa kiasi kilekile, iache kronografu, utafute chini yake. Kuna wanaoruka hatua hii kwa sababu inachukua siku mbili. Ndio hao wanaorekebisha mwendo ili kufidia klachi ya kronografu iliyokaa vibaya, halafu saa inakuwa na makosa mawili yanayofichana.

Saa haitembei, au inalala usiku

Saa hii haijitii ufunguo yenyewe. Kuitikisa kama saa ya otomatiki hakuisaidii kitu. Ikitoka kwenye kifurushi imelala, izungushie ufunguo mara 10 kwanza; ikiamka, endelea hadi mwisho.

Springi ikiwa imejaa na kronografu imezimwa, saa inapaswa kutembea zaidi ya saa 40. Anayetia ufunguo jioni Jumatatu akaisahau hadi Jumatano jioni asiilaumu. Ikisimama baada ya saa 15 au 20 huku ufunguo ulikuwa umejaa, sababu za kawaida ni tatu. Mafuta yamekauka au yalitiwa machache tangu kiwandani. Kuna uchafu kwenye meno ya gurudumu mojawapo. Au mishale inagusana. Hiyo ya mwisho unaweza kuichunguza mwenyewe bila kufungua kitu: tazama saa kwa ubavu kwa lenzi, huku ukivuta ufunguo na kupitisha mshale wa dakika juu ya mshale wa saa na juu ya viduara vyote viwili. Kati ya kila mshale na mwenzake panatakiwa pawe na mwanga. Saa inayosimama karibu na muda uleule kila siku, kwa mfano dakika 15 au 45 baada ya saa kamili, karibu kila mara ni mshale wa dakika unaokwaruza mshale wa kiduara.

Kuna kauli ya zamani kwamba saa "imejazwa kupita kiasi" ndiyo maana haitembei. Springi kuu ikifika mwisho imefika mwisho. Haizidi, labda mtu aikate kwa nguvu za vidole. Saa iliyojaa na isiyotembea ni saa chafu, kavu au iliyoanguka. Kumwambia fundi "imejazwa sana" ni kumpoteza njia.

Ufunguo ukizunguka bila kufika mwisho, mizunguko 60, 70, springi kuu imekatika au imechomoka kwenye ndoano yake. Ukizunguka mbele halafu ukarudi nyuma wenyewe vidoleni mara unapouachia, kipande kidogo kinachozuia gurudumu la springi lisirudi nyuma hakishiki. Usiendelee kujaribu, maana nguvu inayorudi kwa ghafla huvunja meno. Kabla ya kukubali gharama ya matengenezo, uliza pia bei ya mashine nzima mpya ya ST19. Mara nyingine bei hizo mbili hazipishani sana, na mashine mpya inakuachia ile ya zamani kama ghala la vipuri.

Ufunguo ukichomoka mkononi pamoja na kijiti chake, usiurudishe kwa kusukuma. Kinachoushika ndani kimelegea. Mashine yenye skrubu ya kushikia kijiti hulegezwa mzunguko mmoja tu wakati wa kutoa kijiti. Anayeifungua yote huangusha kipande cha chini yake, na kukirudisha lazima uso wa saa ung'olewe.

Inakimbia

Saa iliyokuwa nzuri jana na leo imekwenda mbele dakika 5 au zaidi, bila kuanguka, imeshikwa na sumaku. Springi nyembamba ya balansi ikipata sumaku, mizingo yake hushikana, inakuwa kama imefupishwa, na balansi inapiga haraka. Sumaku hiyo inatoka kwa spika ya simu, kifuniko cha tableti, kifungo cha pochi, mlango wa friji, spika za redio ya gari.

Kipimo chake ni rahisi: weka dira ndogo mezani, sogeza saa polepole pembeni yake. Sindano ikicheza sana saa inapopita, sumaku ipo. Programu ya dira kwenye simu si ya kutegemea hapa, kwa sababu simu yenyewe ina sumaku ndani na unaweza kuiongezea saa maradhi.

Dawa yake ni kile kiboksi kidogo cha plastiki cha kuondolea sumaku, chenye kitufe kimoja na waya wa umeme. Weka saa juu yake, bonyeza kitufe, na huku bado umekibonyeza inyanyue saa taratibu moja kwa moja hadi sentimita 40 au 50, kisha ndiyo uachie. Ukiachia saa ikiwa bado juu ya kiboksi, unaipa sumaku upya, na pengine kali kuliko ya mwanzo. Rudia mara mbili, pima tena kwa dira. Usishikilie kitufe zaidi ya sekunde chache, kiboksi hupata moto.

Kama dira haikuonyesha kitu na saa bado inakimbia dakika kwa siku, mizingo ya springi imegusana kwa sababu nyingine: tone la mafuta, unywele, au saa ilipigwa na mzingo mmoja ukaruka juu ya kishikizo. Ukiwa na mgongo wa kioo, tazama kwa lenzi. Mizingo inatakiwa itanuke na kubana kama pumzi, kwa usawa pande zote.

Inachelewa au kuwahi sekunde chache

Mashine hii ikibaki ndani ya sekunde 20 kwa siku, mbele au nyuma, iache. Wanaoshindana na saa za betri kwenye mashine ya muundo wa miaka ya 1940 wanajitafutia homa.

Ikizidi hapo, jaribu kwanza bila kufungua. Iweke usiku uso juu kwa siku tatu, kisha siku tatu ikisimama ubavu na ufunguo ukiangalia chini. Mara nyingi mkao mmoja huwahisha na mwingine huchelewesha, na ukichagua vizuri mahali pa kuilaza, usiku unarudisha kilichopotea mchana.

Ukiamua kufungua, kuna mikono miwili midogo juu ya balansi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mmoja unashika mwisho wa springi, na kazi yake ni kuweka usawa wa mapigo, "tiki" iwe sawa na "taka". Mwingine ndio wa mwendo, wenye alama za kuongeza na kupunguza. Gusa huu wa pili tu, kwa ncha ya mti au plastiki ngumu, na uguse kana kwamba hutaki usogee. Msogeo usioonekana vizuri kwa macho unaweza kubadili sekunde 20 kwa siku. Toleo lenye skrubu na springi iliyopinda kama shingo ya bata ni rahisi zaidi: robo ya mzunguko wa skrubu, subiri, pima.

Mwenye kipima mwendo cha maikrofoni ajue kwamba vifaa vingi huwashwa vikiwa na pembe ya msukumo wa balansi ("lift angle") ya digrii 52 kama chaguo la kawaida. Ingiza pembe ya mashine yako, vinginevyo namba ya mbembeo wa balansi itakudanganya, ingawa ile ya sekunde kwa siku itakuwa sahihi. Saa iliyojaa, ikilala uso juu na kronografu imezimwa, ikionyesha mbembeo wa digrii 270 hadi 300 ina afya. Chini ya 220 inahitaji kuoshwa na kutiwa mafuta, na kusogeza mkono wa mwendo katika hali hiyo ni kupaka rangi ukuta wenye maji. Kosa la mapigo likiwa chini ya milisekunde 0.5 ni zuri. Likipita 1 mpe fundi.

Sekunde ziko sawa, dakika zinabaki nyuma

Hii inachanganya watu. Kiduara cha sekunde kinazunguka vizuri, kipima mwendo kinasema kila kitu kiko sawa, lakini jioni saa imebaki nyuma nusu saa. Mshale wa dakika umebebwa na kibomba kidogo kinachoshika mhimili wake kwa msuguano tu, ili uweze kurekebisha saa bila kuzungusha mashine nzima. Kibomba hicho kikilegea, mashine inatembea nacho kinateleza. Utakijua pia kwa vidole: unapozungusha mishale, ufunguo unakuwa mwepesi kupita kawaida. Fundi hukibana kidogo na kukitia mafuta mazito. Kazi ni fupi, lakini mishale na uso lazima vitoke, kwa hiyo mwombe amalize na kasoro nyingine za mishale siku hiyohiyo.

Mshale wa katikati

Hapa ndipo penye maneno mengi, na inafaa kujua kwanza mashine inafanya nini. Ukibonyeza kitufe cha juu, gurudumu la nguzo (lile lenye vijiguzo vilivyosimama kama meno ya taji, unaliona kwa nyuma) linapiga hatua moja. Hatua hiyo inaachia klachi, na gurudumu moja linasogea kwa ubavu na kuingiza meno yake katika meno ya gurudumu la kronografu. Ukibonyeza kitufe cha chini, nyundo inashuka na kugonga vipande viwili vyenye umbo la moyo, kimoja cha sekunde na kimoja cha dakika, vinazunguka hadi sehemu yao bapa ikalie nyundo. Popote mshale ulipokuwa, moyo unaurudisha sifuri.

Basi, dalili.

Unaruka kidogo unapoanza. Meno yanakutana kwa ubavu, na jino likikuta jino linasukumwa mbele au nyuma. Ruko lisilozidi sekunde moja ni tabia ya klachi ya aina hii, hata kwenye kronografu za bei kubwa za enzi hizo. Huna la kutengeneza.

Unatetemeka muda wote unapotembea. Chini ya gurudumu la kronografu kuna springi bapa nyembamba inayolivuta kidogo ili lisichezecheze. Imelegea, imekauka, au klachi haijaingia vya kutosha. Fundi anayejua kronografu ataangalia springi kwanza, kisha klachi.

Unasimama au unasimamisha saa nzima. Klachi imeingia kwa kina mno, meno yanabanana, na balansi inakosa nguvu. Kwenye kipima mwendo, kuwasha kronografu kukipunguza mbembeo kwa digrii 20 hadi 40 ni kawaida. Ukiporomoka 80 au 100, ndiyo hii. Kina cha klachi kinarekebishwa kwa skrubu yenye kichwa kisicho katikati: ukiizungusha kidogo, kipande kizima kinasogea. Skrubu hizo zinafanana na skrubu za kawaida za kufungia, na hilo ndilo kaburi la mashine nyingi za ST19. Mtu anaona skrubu "imelegea", anaikaza, na amebadilisha kitu kilichopimwa kiwandani. Kabla ya kugusa yoyote, ipige picha ya karibu inayoonyesha mfereji wake umeelekea wapi.

Haurudi kwenye 12. Rudisha mara 10, kila mara ukiuanzishia mahali tofauti, na uandike unapolala. Ukilala mahali palepale kila mara, tuseme sekunde 2 kabla ya 12, mashine ni nzima. Mshale wenyewe ulibandikwa vibaya au uliteleza kwenye mhimili wakati nyundo ilipogonga. Ukilala mahali tofauti kila mara, ama mshale umelegea kabisa, ama nyundo haifiki kwenye moyo kwa sababu ya uchafu, mafuta yaliyoganda, au kitufe kisichosukuma hadi mwisho. Ili kutenganisha hayo, tazama nyuma huku ukishikilia kitufe cha chini: nyundo ikiwa imelala bapa juu ya moyo na mshale bado uko pembeni, mshale ndio mkosaji.

Kuubandika upya si kazi ya ncha ya kisu. Mashine inatoka ndani ya kesi na kuwekwa kwenye kishikio. Karatasi ya plastiki yenye tundu inafunika uso, na mshale unanyanyuliwa kwa nyenzo mbili pande zote kwa wakati mmoja, wima. Kisha kronografu inarudishwa sifuri, nyundo ikiwa imeshuka, ndipo mshale unawekwa kwenye 12 na kusukumwa kwa ncha ya plastiki. Upande wa pili, kito kinachobeba mhimili wa kronografu lazima kiegemezwe na ncha ya kishikio. Bila egemeo hilo unasukuma kito kikatoka mahali pake, na saa iliyokuja kwa sekunde mbili za upungufu inaondoka bila kronografu. Baada ya kubandika, rudisha mara 20 kabla ya kufunga kioo. Ukiteleza tena, bomba la mshale limepanuka, na gundi si jibu. Libanwe au ununue mshale mwingine.

Dakika hazihesabu, au zinaruka mbili

Kiduara cha upande wa 3 hakiendi polepole. Kinangoja sekunde zikaribie 60, kidole kidogo kwenye mhimili wa katikati kinagusa jino la gurudumu la kati, na dakika moja inasogea. Kuanza kusogea kwenye sekunde ya 58 au 59 ni sawa. Usiposogea kabisa, gurudumu la kati liko mbali na kidole. Ukiruka dakika mbili, liko karibu mno au springi inayoshika meno ya gurudumu la dakika imelegea. Yote mawili yanarekebishwa kwa skrubu zilezile zisizo katikati, na yote mawili ni ya fundi.

Ila chunguza kwanza jambo dogo: mshale wa dakika kulala nusu ya alama kabla ya sifuri ni kasoro ya kubandika mshale tu.

Vitufe

Kitufe cha juu kinaanzisha na kusimamisha. Cha chini kinarudisha, na kinafanya kazi kronografu ikiwa imesimama tu. Kronografu ikitembea, vijiguzo vinaizuia nyundo isishuke. Ukigonga ukuta huo kwa kidole gumba mara nyingi, kuna kitu kitapinda.

Kitufe kinachokwama ndani mara nyingi kina jasho na vumbi lililoganda kwenye bomba lake. Kwa wanaovaa saa pwani, Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, chumvi ya jasho inafanya kazi hiyo ndani ya miezi. Mswaki laini uliolowa maji kidogo sana, saa ikiwa imeinamishwa ili kisidondokee ndani kitu, kisha kitambaa. Usidondoshee mafuta.

Vitufe vyote viwili vikiwa laini ghafla, au kimoja kikihitaji kusukumwa sana, fungua kifuniko cha nyuma na utazame vibanio vya pembeni vinavyoshikilia mashine kwenye kesi. Skrubu zake zikilegea mashine inasogea unapobonyeza, na nguvu inaishia hapo. Kuzikaza kunaponya zaidi ya mtu anavyotarajia.

Ukungu chini ya kioo

Toleo la kesi ya milimita 38 lenye kioo cha akriliki si la maji, hata kama mgongoni pameandikwa chochote. Kunawa mikono ni sawa. Mvua ya masika, kuoga na kuogelea si sawa.

Ukungu mwepesi unaotokea ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuondoka baada ya dakika chache ni unyevu wa hewa iliyofungiwa ndani. Ukikaa zaidi ya saa moja, maji yameingia. Vuta ufunguo nje, fungua mgongo kama unaweza, weka saa kwenye chombo kinachofunga pamoja na vipakiti vya silika jeli, saa 24 hadi 48. Mchele hunyonya kidogo na huacha unga, na unga ndani ya kronografu ni adha ya miaka. Maji yakiwa ya bahari usikaushe na kungoja. Peleka kwa fundi siku hiyohiyo, kwa sababu chumvi haiondoki na hewa, na mishale ya chuma na springi huanza kutu kabla ya wiki kwisha.

Kuhusu fundi mwenyewe, uliza anaosha na nini. Petroli huacha utando. Spiriti huyeyusha shelaki, gundi inayoshika vito viwili vya uma unaosukuma balansi. Mafuta ya cherehani hutambaa hadi kwenye springi ya balansi na saa ikaanza kukimbia kama yenye sumaku. Akikuambia anatumia mafuta ya aina moja kwa mashine nzima, mshukuru na uichukue saa yako.

Kioo kimekwaruzwa

Akriliki inakwaruzika kwa kuitazama, lakini inapona. Mikwaruzo myepesi: bandika tepu kuzunguka kesi, weka PolyWatch (dawa ya kung'arishia akriliki) kiasi cha punje ya mchele, sugua kwa kitambaa cha pamba kwa duara dakika 2 au 3, rudia. Dawa ya meno nyeupe, isiyo ya jeli, inafanya kazi hiyohiyo polepole. Mikwaruzo inayoshika ukucha: msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kisha 2500, kila mmoja ukivuka mistari ya uliotangulia, halafu ndiyo PolyWatch. Kioo kitakuwa na ukungu katikati ya kazi, usitishike. Ufa haung'arishwi, kioo kinabadilishwa. Toleo lenye kioo cha yakuti samawi haliguswi na lolote kati ya haya.

Mkanda

Toleo la 38 linachukua mkanda wa milimita 18. Pini za springi zinazokuja nalo huwa nyembamba, zibadilishe mapema. Ngozi kwenye joto la pwani hunuka baada ya mwezi, nailoni hufuliwa.

Kasoro inayoanzia sokoni

Mara nyingine saa haina ugonjwa ila haifanani na picha. Nyota ya usoni imekaa upande, maandishi yameinama, mishale ni bluu ya rangi. Wauzaji wengi hununua mashine ya ST19 na kuivalisha kesi na nyuso zao, kwa hiyo "1963" si saa moja. Mishale iliyochomwa kwa moto hugeuka kutoka nyeusi hadi bluu unapoipitisha kwenye mwanga. Iliyopakwa rangi hubaki bluu kila upande. Ukiambiwa saa ni ya asili ya miaka ya 1960 na mgongoni ina kioo cha kuonyesha mashine, funga mkoba. Za marubani zilikuwa na mgongo wa chuma.

Na nakala zenye jina la kampuni nyingine usoni ni jambo tofauti. Hizo ni bidhaa bandia. Kenya ina sheria ya mwaka 2008 na mamlaka maalumu ya kupambana nazo, na Tanzania kazi hiyo inafanywa na Tume ya Ushindani. Kwa upande wa ufundi, shida yake ni kwamba mara nyingi hakuna anayejua mashine gani imo ndani mpaka afungue. Ukiletewa moja ina dalili zozote za hapo juu, fungua mgongo kwanza, utafute namba ya mashine chini ya balansi. Isipokuwepo, usiahidi kipuri.